Mishubiri mitatu bustanini: upi ni Aloe vera, na nini ndani ya jani kinafaa kutumika?

Mtambwe_Bustani (Wete, Pemba)

Assalaam alaykum wanajamvi. Nauliza kuhusu mshubiri, na naomba anijibu anayeujua mmea wenyewe, maana mitandaoni kila mtu ananakili kwa mwenzake.

Ndani ya bustani moja hapa Mtambwe imo mimea mitatu, na yote majirani wanaiita mshubiri. Wa kwanza ni mdogo: majani ya sentimita 25 hivi, membamba, kijani kilichokolea, yana madoa meupe pande zote mbili na madoa hayaondoki hata mmea ukikomaa. Unazaa vitoto vingi, na maua yake ni rangi ya chungwa. Wa pili majani yake yanafika sentimita 50, manene, kijani cha kijivujivu, yanasimama wima. Vitoto vyake vina madoa lakini mmea mkubwa hauna. Maua ni ya manjano. Wa tatu ni mkubwa kuliko yote, jani gumu lenye mwiba mmoja mweusi kwenye ncha, na ukilikata majimaji yake yanawasha mkono. Huu haujapata kuchanua.

Maswali yangu ni haya. Upi hasa ndio Aloe vera? Mbona chupa za dukani zimeandikwa Aloe barbadensis, huo ni mmea mwengine? Halafu juu ya kunywa: wapo wanaosaga jani zima na ganda lake ndani ya blenda, glasi moja kila asubuhi kwa choo kigumu, na wapo wanaosema ganda lisitiwe kabisa. Nani yuko sahihi, na kwa nini? La mwisho, wanawake wengi wanapaka shubiri kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa. Ina madhara?


Majani_ya_Konde

Waalaykum salaam. Nianze na huo wa tatu, kwa sababu ndio unaoweza kumdhuru mtu leo. Huo si mshubiri. Mwiba mmoja mgumu kwenye ncha na majimaji yanayowasha ni alama za agave, jamaa wa karibu wa mkonge wa kamba (Agave sisalana). Kama una shaka, usitumie kisu, vunja jani kwa mikono. La mshubiri linavunjika na kubaki ute mtupu. La agave linagoma, linaning'inia kwa nyuzi ndefu. Yanayowasha ni fuwele za kalisiamu oksaleti, zenye umbo la vijiti vyenye ncha, ambazo zinajidunga kwenye ngozi. Na kama ni agave, kutochanua kwake si ajabu: huishi miaka mingi bila ua, kisha huchanua mara moja na kufa. Asili yake ni Amerika, na vitabu vya zamani vya Ulaya viliiita mshubiri wa Amerika, kwa hiyo kuchanganywa huku hakukuanzia Mtambwe. Usiupake, usiunywe, na watoto wasichezee vipande vyake.

Wa pili ndio Aloe vera. Dalili ulizotaja zinatosha, hasa mbili zikikutana: madoa yanayopotea mmea ukikua, na maua ya manjano yanayoinama chini. Ongeza ya tatu: shina halionekani au ni fupi sana, majani yametoka karibu na ardhi kwa mzunguko, na miiba ya ukingoni ni midogo, myeupe, laini kiasi kwamba ukipitisha kidole haikuchomi sana.

Wa kwanza unahitaji kutazamwa zaidi. Kuna aina ndogo ya mapambo yenye madoa ya kudumu na maua ya chungwa, wauzaji wa miche huiita chinensis, na wataalamu wengi wanaihesabu ndani ya Aloe vera. Lakini kuna na Aloe maculata ya Afrika Kusini, nayo ina madoa na maua ya chungwa, na ni spishi nyengine kabisa. Usihukumu kwa madoa. Subiri uchanue uangalie bua la maua. Maua yakijipanga kwenye bua refu jembamba, yanapungua kuelekea juu, hiyo ni ile aina ndogo. Yakikusanyika juu bapa mfano wa mwavuli, ni maculata. Vyovyote iwavyo, jani jembamba namna hiyo sehemu kubwa ni ganda, ute wake hautoshi kazi.

Sasa jina. Aloe vera na Aloe barbadensis ni mmea mmoja. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuandika kama namna tu ya spishi nyengine: Aloe perfoliata, namna ya vera. Mwaka 1768 watu wawili waliupandisha kuwa spishi kamili, kila mmoja kivyake. Nicolaas Laurens Burman aliuita Aloe vera, Philip Miller akauita Aloe barbadensis. Kanuni ya mimea ni kwamba jina lililotangulia kuchapishwa kwa cheo hicho ndilo linalosimama, kwa hiyo mjadala mzima ukawa wa kuhesabu siku. Kitabu cha Burman kilikuwa kimeshatoka kufikia tarehe 6 Aprili, cha Miller kikatoka tarehe 16 Aprili. Siku kumi. Mtaalamu wa mishubiri Leonard Newton aliitetea hoja hiyo kwa maandishi mwaka 1979, na tangu hapo Aloe vera ndilo linalokubaliwa na barbadensis ni kisawe. Watengenezaji wa vipodozi wana orodha yao ya majina ya viambato, nayo bado inatumia barbadensis. Ndiyo sababu ya chupa zako.

Jina likiandikwa kwa ukamilifu ni Aloe vera (L.) Burm.f. Herufi iliyo ndani ya mabano ni ya aliyelitoa neno vera mwanzo kwa cheo chengine, yaani Linnaeus. Aliye nje ya mabano ndiye aliyeliweka lilipo sasa. Ile "f." ni mtoto, maana baba yake Burman naye alikuwa mtaalamu wa mimea. Familia nayo imehamahama: vitabu vya zamani vinasema Liliaceae, vya baadaye Aloaceae, vya sasa Asphodelaceae. Ukikuta vitabu viwili vinatofautiana hapo, tazama mwaka wa kuchapishwa kabla hujasema kimoja kimekosea.

Na moja linalotuhusu sisi. Katika vitabu vya dawa vya Uingereza na Marekani vya karne ya 19 na mwanzo wa ya 20 utakuta dawa inayoitwa shubiri ya Zanzibar. Haikuwa ya mmea huu wa bustanini. Ilikuwa utomvu mkavu wa Aloe perryi, mshubiri wa kisiwa cha Sokotra, uliopitia bandari yetu ukiwa umefungwa ndani ya ngozi za wanyama. Mtu asome humo kipimo cha "shubiri ya Zanzibar" kisha akitumie kwa jani la nyumbani, atakuwa amechanganya mimea miwili.


Mfamasia_Machomane (Chake Chake)

Kaka wa Konde amemaliza la mmea. Mie nashika la ndani ya jani, kwani humo ndimo watu wanamoumia.

Jani moja lina dawa mbili zisizofanana hata kidogo. Katikati kuna ute, mweupe wa kupitisha mwanga. Karibu wote ni maji, zaidi ya asilimia 98, na kilichobaki kina sukari ndefu zinazoufanya uteleze. Chini tu ya ganda la kijani kuna mishipa midogo yenye utomvu wa manjano, mchungu kupita kiasi. Huo una aloini. Ukikaushwa unakuwa kile kipande cheusi kinachouzwa kwenye maduka ya dawa za asili kwa jina la shubiri.

Aloini haifanyi kazi tumboni. Inashuka mpaka utumbo mpana, bakteria wa huko wanaivunja, na kinachopatikana ndicho kinachousukuma utumbo na kuvuta maji ndani yake. Ndiyo maana mtu akinywa jioni anaharisha asubuhi. Na ndiyo maana watu wanazidisha: anakunywa, saa mbili zinapita haoni kitu, anaongeza, kisha usiku zote zinamfikia pamoja, tumbo linasokota mpaka anapelekwa spitali.

Basi jibu la blenda. Aliyesema ganda lisitiwe yuko sahihi. Ukisaga jani zima, glasi yako ina haluli, yaani dawa ya kuharisha, ambayo kipimo chake hukijui: inategemea ukubwa wa jani, umri wake, msimu, na kama jani lilichuruzishwa kwanza. Leo haitafanya kitu, wiki ijayo itakulaza. Ila na yeye akumbuke kwamba ute ulio safi hautakupa choo. Kazi hiyo ni ya utomvu. Anayekunywa ute uliosafishwa vizuri kwa choo kigumu anakunywa maji yanayoteleza, na akiona nafuu ni kwa sababu siku hiyo ameongeza maji mwilini. Kwa choo kigumu cha kawaida anza na maji ya kutosha, papai lililoiva, mboga za majani na ukwaju. Choo kikigoma zaidi ya wiki, au kikiwa na damu, au umri umeshapita miaka 50 na hali hiyo ni mpya, hilo ni la daktari.

Kwa kipande cheusi cha dukani, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kipimo mwaka 1999: kwa shubiri ya Aloe vera, mtu mzima gramu 0.04 mpaka 0.11 kwa siku, kiasi kidogo kabisa kinachotosha kulainisha choo, na isizidi wiki moja au mbili. Gramu 0.1 ni uzito wa punje nne hivi za mchele. Watu wanakata kipande cha ukubwa wa punje ya hindi, na hiyo ni karibu gramu 0.3, mara tatu ya kipimo cha juu. Tena nguvu haiko sawa. Viwango vya dawa vya Ulaya vinataka shubiri ya Aloe vera iwe na angalau asilimia 28 ya viini hivyo, na ile ya Aloe ferox ya Afrika Kusini angalau asilimia 18. Kipande cha dukani hakisemi kimetoka mmea upi. Ushauri wangu ni kukiacha. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliviondoa vyenye utomvu huu kwenye orodha ya dawa za choo za kununua bila cheti mwaka 2002, na mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha kwamba dondoo la jani zima huenda likasababisha saratani, kwa ushahidi uliotokana na panya. Ute uliosafishwa haukuingizwa humo.

Wasiopaswa kugusa kabisa utomvu: mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye vidonda vya utumbo, na mwenye tumbo linalouma bila sababu kujulikana. Wanaotumia dawa ya moyo ya digoksini au vidonge vya presha vinavyokojoza wawe na tahadhari kubwa zaidi. Kuharisha kunapunguza potasiamu, vidonge navyo vinaipunguza, na digoksini juu ya potasiamu iliyoshuka inauvuruga mwendo wa moyo. Huu ni mchanganyiko ambao mgonjwa hausemi, maana shubiri haihesabu kuwa dawa. Muulizeni.

Namna ya kupata ute safi kwa kupaka: chukua jani la nje kabisa, lililokomaa, la sentimita 30 au zaidi. Likate karibu na shina kwa kisu kilichooshwa. Lisimamishe ndani ya glasi, upande uliokatwa ukiwa chini, dakika 15 mpaka 20. Utaona manjano yanachuruzika. Yamwage, usiyahifadhi. Lioshe jani, kata ncha na sentimita 2 za chini, kisha ondoa kingo zenye miiba. Lilaze, pitisha kisu chini ya ganda la juu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanabana kisu karibu na ganda wasipoteze ute, kumbe utomvu umo hapo hapo. Poteza milimita 2 au 3, usizionee huruma. Geuza, fanya hivyo upande wa pili. Kipande kilichobaki kioshe mara mbili kwa maji ya kunywa, kisha gusisha ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu bado, osha tena au punguza tena. Jani la nusu kilo linatoa ute takriban nusu ya uzito huo.

Tumia siku hiyo hiyo. Ndani ya friji, kwenye chombo cha kioo kilichochemshwa, siku mbili au tatu. Ukigeuka waridi au kahawia, ukawa mwepesi wa maji au ukanuka, tupa. Usiuchemshe ukitarajia utadumu, joto kali linavunja ule utelezi.

Kwa aliyeungua moto: kwanza maji baridi yanayotiririka dakika 20, kabla ya kitu chochote. Ute ni kwa ngozi nyekundu isiyochubuka, au lengelenge dogo lisilopasuka. Moto wa usoni, viganjani, sehemu za siri, au unaozidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, ni spitali. Jaribu kidogo ndani ya kigasha saa 24 kabla, kwani wapo wanaotokwa na vipele. Na tafadhali usipakwe kwenye mshono wa upasuaji wala kidonda cha kina. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 juu ya vidonda vya upasuaji wa tumbo vilivyofunguka ulikuta vilivyopakwa dawa ya ute huu vilichukua wastani wa siku 83 kupona, na vilivyosafishwa kwa njia ya kawaida siku 53.


Mkunga_Mkoani

Nimjibu la kumwachisha mtoto ziwa, maana hilo linanigusa.

Ndiyo, lina madhara, na yanatoka kwenye ule utomvu alioueleza mfamasia, si kwenye uchungu peke yake. Anayepaka hupaka manjano ya jani au kipande cheusi kilicholowekwa, kwa sababu ndivyo vichungu. Vinaganda kwenye ngozi, maji peke yake hayaviondoi vyote, na mtoto mwenye kiu ananyonya hivyo hivyo. Kinachomharisha mtu mzima wa kilo 60 kinafikia mtoto wa kilo 10. Mtoto huyo tayari amepunguziwa maziwa wiki hiyo, maji mwilini ni kidogo. Akiharisha, mdomo ukikauka, macho yakizama, asipokojoa saa sita, mpe ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) na mkimbize kituo cha afya. Usisubiri kuona kama itakata.

Kuachisha hakuhitaji uchungu. Ondoa nyonyo moja, yaani mara moja ya kunyonya, kila siku tatu au nne. Anza na ya mchana, ambayo mtoto ana mambo mengi ya kumshughulisha, na ya usiku iwe ya mwisho. Mahali pa nyonyo iliyoondolewa pawe na chakula kizito, uji wenye nazi au karanga, ndizi iliyopondwa, samaki aliyechambuliwa miba. Usiku wa mwisho baba au bibi alale naye. Kwa mama, ziwa likijaa, likamue kidogo tu mpaka maumivu yapungue. Ukilikamua likaisha, mwili unatengeneza jengine. Kitambaa cha maji baridi kinasaidia. Ziwa likiwa jekundu, likiwa na joto na homa juu yake, huo ni uvimbe unaoweza kuwa jipu, njoo.

Na kama haraka hakuna, ngojeni. Miaka miwili kamili imetajwa katika Suratul Baqara kwa anayetaka kutimiza, na Shirika la Afya Duniani nalo linashauri miaka miwili au zaidi.


Mtambwe_Bustani

Ahsanteni sana, Allah awalipe. Wa tatu umevunjwa kwa mikono, nyuzi tupu, kwa hiyo ni agave. Bua la ule mdogo ni refu jembamba, basi siyo maculata.

Nimebakiwa na mawili. Ule wa pili, Aloe vera yenyewe, masika unaoza chini, majani yanalegea na kuwa ya maji. Unguja upande wa kusini inakua juu ya mawe bila tabu. Kwa nini? Na kuna mtu anataka kuleta mishubiri ya porini kutoka kisiwa cha Misali, hapa karibu na Pemba, anasema ile ya kienyeji ina nguvu zaidi.


Maweweni (Makunduchi, Unguja)

Umejijibu mwenyewe: juu ya mawe. Huku kwetu udongo ni kidogo, maji yanapita kwenye matundu ya jiwe la matumbawe dakika hiyo hiyo. Mtambwe udongo ni mzito na mvua ni nyingi zaidi, mizizi inakaa ndani ya tope kuanzia Machi mpaka Mei. Mshubiri una maji yake ndani ya jani, mizizi inahitaji hewa.

Inua tuta sentimita 30, au panda kwenye ndoo iliyotobolewa chini matundu sita au zaidi. Changanya mchanga ndoo mbili, udongo moja, mboji iliyooza sawasawa nusu. Mchanga wa pwani uoshe kwanza kwa maji matamu mara tatu, chumvi inachoma ncha za majani. Usitie samadi mbichi. Mmea uliooza hauponi kwa kumwagiwa majivu: ung'oe, kata sehemu yote iliyolainika mpaka uone nyama ngumu nyeupe, uweke kivulini penye upepo siku tano au saba mpaka jeraha lifunge, kisha panda upya na usimwagilie wiki nzima. Vitoto navyo vivyo hivyo, vitenge vikifika sentimita 10 au 15, viache vikauke siku mbili tatu. Anayepanda kitoto chenye jeraha bichi wakati wa masika anakipanda kioze.

Ukivuna, majani matatu ya nje kwa mmea mmoja, kisha uache wiki sita mpaka nane. Mmea usiofikia mwaka usiguse. Jani likigeuka kahawia-jekundu wakati wa kaskazi ni jua kali na ukame, si ugonjwa. Kivuli cha nazi saa za mchana kinatosha.

Kwa wafugaji wa kuku wanaosoma hapa: kutia shubiri kwenye maji ya kuku hakuzuii kideri. Kinachozuia ni chanjo ya tone la jicho, kila baada ya miezi mitatu au minne.

La Misali namwachia kaka wa Konde.


Majani_ya_Konde

La Misali ni zito, na ninaomba usipokee hata mche mmoja.

Pemba ina mshubiri wake. Unaitwa Aloe pembana, umetangazwa kwa sayansi mwaka 1998, na aliyeupa jina ni Leonard Newton, yule yule aliyetetea jina la Aloe vera. Juzuu ya mishubiri katika mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1994, miaka minne kabla, kwa hiyo ukiutafuta humo hutaupata. Ni mmea wa eneo dogo sana duniani. Watu kumi wakibeba mizigo kumi wanaweza kuumaliza mahali ulipo, na ukimalizika hapa hakuna nchi ya kwenda kuuomba. Misali yenyewe ni eneo la hifadhi. Juu ya hayo, jenasi nzima ya Aloe imo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini, isipokuwa Aloe vera peke yake, kwa sababu hiyo ni ya kulimwa. Yaani mche wa Misali ukivushwa nje ya nchi bila kibali ni kosa, wa bustanini kwako si kosa.

Na hiyo "nguvu zaidi" ikumbukeni kwa maneno ya mfamasia. Mshubiri wa porini ukiwa mchungu zaidi maana yake utomvu umezidi, si kwamba ute umekuwa bora. Vipimo vilivyotajwa hapo juu ni vya Aloe vera na Aloe ferox. Havihamishiki kwa spishi nyengine kwa sababu tu majani yanafanana.

Kama kuna anayetaka kuuza ute kwa majirani, kibandiko kiandikwe hivi: Aloe vera (L.) Burm.f., ute wa jani, utomvu umeondolewa, wa kupaka tu, tarehe ya kukata jani, tarehe ya mwisho kutumika. Jenasi ianze kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo hata mwanzo wa mstari. "Alovera" haitoshi, na "shubiri" haitoshi zaidi, kwani mnunuzi hatajua kama amepewa cha kupaka au haluli. Dawa ya asili ya kuuzwa hadharani ina taratibu zake, ulizieni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kabla ya kufungua meza.

Mkitaka kuwa na uhakika wa jina, hasa ule mdogo wenye madoa, tengenezeni sampuli ya kupeleka kwa wataalamu wa mimea. Mshubiri haukauki kama majani mengine, ukiubana mzima unaoza ndani ya karatasi au unaendelea kukua. Pasua jani kwa urefu, kwangua ute wote, lizamishe ganda kwenye maji yanayochemka dakika moja life, kisha libane kati ya magazeti yenye uzito juu. Badilisha magazeti kila siku kwa wiki mbili. Bua la maua nalo lipasue kwa urefu, na baadhi ya maua uyafungue ili viungo vya ndani vionekane. Andika siku hiyo hiyo yale yanayopotea mmea ukikauka: rangi ya maua na ya utomvu, urefu wa mmea, kama shina lipo, kama madoa yako pande zote mbili, mahali ulipokatwa, tarehe, na jina wanalotumia wenyeji. Piga picha ya mmea mzima, ya ukingo wa jani, na ya bua la maua, kila moja ikiwa na rula pembeni.

*

Mtambwe_Bustani

Mzigo wa Misali nimeukataa. Sampuli ya ule mdogo inaanza kubanwa leo, na picha nitazituma hapa.

Mfamasia_Machomane

Ukipiga picha ya jani lililopasuliwa, ipige ndani ya dakika tano za kukata. Likikaa, utomvu unabadilika rangi na mtaalamu hataweza kuujua ulikuwa wa manjano au wa chungwa.